Ramani Isiyo na Kina

Wagogo wana kisa kifupi juu ya jina la mji wao. Tembo alishuka kunywa maji katika kijito cha upande wa Kikuyu, miguu ikanasa topeni, naye kadiri alivyojikwamua ndivyo alivyozidi kudidimia, hata watu waliosimama ukingoni wakauona mgongo tu, kisha wakaona tope tupu. Wakasema idodomya: amezama. Neno likabaki mahali pale, wageni wakalitamka kwa namna yao, na leo ndilo jina la makao makuu ya nchi. Wapo wanaosimulia vingine, wala hakuna haja ya kuwapatanisha. Linalostahili kutajwa ni kwamba mji umekua. Uamuzi wa kuhamishia serikali huko ulipitishwa mwaka 1973, hadhi ya jiji ikaja tarehe 26 Aprili 2018, ramani zimechorwa na kuchorwa upya, na alipozama tembo hapana alama. Ramani huchora kilicho juu. Tembo hayuko juu.

Kijana mmoja wa Jambiani, Unguja, aliyekwenda Dodoma kusomea ualimu wa Kiswahili, alikisikia kisa hicho kutoka kwa dereva wa bodaboda katika wiki yake ya kwanza, akakicheka. Kwao kuzama ni jambo la baharini. Kwamba mnyama azame mahali palipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya mibuyu na vumbi jekundu ambako mvua huwa na msimu mmoja tu kwa mwaka, baina ya Desemba na Aprili, aliona ni maneno ya watu waliotamani maji mpaka wakayatungia hadithi.

Si kwamba alikuwa mgeni wa mambo ya chini ya ardhi. Jambiani wana pango la Kuumbi, ambalo wataalamu wa mambo ya kale wamelifukua mara kadhaa na ambalo wenyeji wameliendea kwa matambiko tangu zamani. Bibi yake alimfundisha kanuni moja tu kuhusu mapango: usipite pale mwanga unapokukatikia. Kanuni hiyo sasa alikuwa akiivunja kila usiku, kitandani, kwa kidole gumba.

Chumba alichopanga kilikuwa katika hosteli ya mtu binafsi, chini ya vilima vya chuo. Vitabu vilipomchosha alifungua simu akacheza Minecraft, mchezo ambao kufikia mwaka 2023 nakala zake zilizouzwa zilikwisha kuvuka milioni 300, na ambao ulimwengu wake wote umejengwa kwa vipande vya mraba, kila kipande mita moja kila upande. Mchezaji huenda atakako, huchimba atakapo. Mwishoni mwa mwaka 2021 watengenezaji waliishusha sakafu ya ulimwengu huo: zamani ilikuwa sifuri, sasa ni 64 chini ya sifuri, na mapango yakapanuka hata mwenge mmoja usioneshe dari. Ramani, hata hivyo, waliiacha vilevile. Ni karatasi ambayo mchezaji huishika mkononi, nayo humchorea nchi kama aionavyo kunguru: mto, mchanga, msitu, paa la nyumba. Akishuka shimoni mita mia, karatasi huendelea kumwonesha majani, na kimshale cheupe kinachosimama badala yake huteleza juu ya majani hayo kwa utulivu kamili, ilhali mwenyewe yuko gizani anapapasa kuta.

Dira nayo ina ajabu yake. Mtoto wa pwani hutarajia dira ielekee kaskazini. Dira ya mchezo huu huelekea pale mchezaji alipoanzia maisha. Kijana alilipenda jambo hilo, akaliandika katika daftari lake la mashairi. Halikumtoa pangoni hata siku moja, maana kujua kwamba nyumbani ni kule, nyuma ya mwamba, si kujua njia.

Kasoro hii si ya mchezo mmoja. Daggerfall wa mwaka 1996 uliwapa wachezaji ramani ya mapango ya kuzungushwa pande zote, na wengi waliona fundo lisilo na kichwa wala mkia. Skyrim wa mwaka 2011 ulirahisisha mambo: ghorofa za chini zikachorwa zote katika karatasi moja, hii juu ya ile, hata daraja na njia ipitayo chini yake vikaonekana kama vimekutana. Elden Ring wa mwaka 2022 una karatasi ya pili kwa ajili ya mito na miji iliyo chini ya nchi, lakini makaburi na mapango yake mengine hayana ramani kabisa. Na pengine huo ndio uungwana, asiyejua na anyamaze. Katika Tears of the Kingdom, mchezo wa Zelda uliotoka Mei 2023, ramani ni tatu, ya angani, ya juu ya nchi na ya vilindini, na vilindi vyenyewe ni kivuli cha nchi ya juu: penye mlima juu, chini pana bonde, penye hekalu juu, chini pana mzizi wa nuru wenye jina lile lile lililosomwa kinyumenyume. Kwa mpenda mashairi hilo ni pambo zuri mno. Lakini mapango ya kawaida ya mchezo huo huwekewa alama mlangoni tu. Ndani mtu ajitegemee.

Usiku mmoja wa Oktoba 2023 umeme ulikatika, na kwa kuwa chumbani hapakukalika kwa joto, kijana alitoka akaketi kwenye benchi la langoni, simu mkononi. Benchi lile lilikuwa la mlinzi wa hosteli, Mrangi wa Kolo katika wilaya ya Kondoa, mtu wa miaka hamsini hivi, ambaye kwao ni pale penye michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mlinzi alimwita Mpemba, kama watu wengi wa bara wanavyowaita Wazanzibari wote, na kijana wa Jambiani alikwisha kuchoka kusahihisha. Walikuwa wakisalimiana kila jioni, shikamoo na marahaba, na baada ya hapo kila mmoja na shughuli zake. Safari hii mzee alisogeza kichwa akatazama kioo cha simu kwa muda mrefu.

"Umepotea," alisema.

"Nimepotea, mzee wangu. Ramani yaonesha majani tu, nami niko chini huku."

"Chini kiasi gani?"

Kijana alisoma namba ya katikati kati ya tatu zilizoandikwa juu ya kioo. "Mita hamsini na mbili chini ya sifuri."

"Sasa ramani unaitazamia nini? Ramani ni ya mwenye shamba. Mtu wa chini anatembea kwa hesabu." Kisha akamwelekeza: arudi hadi mahali alipokuwa na uhakika, aweke ukuta mkono mmoja asiuachie, aweke mienge upande mmoja tu wakati wa kuingia ili wakati wa kutoka iwe upande wa pili. Hili la mwisho kijana alilijua. Wachezaji wote hufundishana. Alichoshangaa ni kwamba mzee, ambaye simu yake ilikuwa ya vibonye, alilijua pia.

Ndipo ikafahamika kwamba mlinzi alipata kuwa mwana-Apolo, kama wanavyoitwa wachimbaji wa Mirerani.

Mirerani iko wilaya ya Simanjiro, kaskazini mashariki ya Kondoa, na tanzanaiti iliyogunduliwa huko mwaka 1967 haijapatikana kwa wingi wa kibiashara mahali pengine popote duniani. Eneo lenyewe ni dogo, ukanda wa kilomita chache. Liligawanywa katika vitalu, na vitalu B na D vikawa vya wachimbaji wadogo, wenye viwanja vyao vya miraba vilivyopimwa juu ya ardhi. Juu, kila kitu kina mpaka. Lakini jiwe halijui mpaka. Mkanda wa madini huteremka kwa mshazari, hujikunja, hukatika, huibuka kando, na mchimbaji aliyekwisha kutumia baruti na fedha ya mwenyewe shimo hatasimama ati kwa kuwa juu yake, mita mia huko, kiwanja cha tajiri wake kimeishia. Atafuata. Jirani naye anafuata. Siku moja nyundo inagonga na ukuta unaitika kwa nyundo nyingine. Wenyewe wanaita mtobozano, neno ambalo limefika hadi bungeni, na ambalo lina ugomvi ndani yake: nani yuko chini ya nani. Ramani ya viwanja haiwezi kujibu, kwa sababu swali ni la wima na karatasi imelala.

Mzee alifika huko akiwa kijana, miaka ya tisini, pamoja na mwenzake waliyekua naye Kolo. Shimo walilofanyia kazi halina haja ya kutajwa. Walishuka kwa ngazi za miti na kamba, tochi zimefungwa kichwani, na mpira wa kompresa ukipeleka hewa chini. Mpira huo ndio uliokuwa uzi wa maisha, maana aliyepotewa na njia aliushika akaufuata hadi mdomoni. Hata hivyo walijiwekea hesabu yao wenyewe, kwani tochi huzima na mpira hupasuka. Waliisema kwa sauti wakishuka, mmoja akianza na mwingine akimalizia, na ingawa ilikuwa imepita miaka ishirini na mitano, mlinzi aliitamka pale langoni bila kusita:

"Ngazi tatu, kisha kaa. Ukuta uwe kulia. Inama hadi magoti. Sikia maji yatona."

Kijana, ambaye hawezi kusikia maneno bila kuhesabu silabi, alikunja vidole. Nane, nane, nane, nane. Alimwuliza mzee nani aliyetunga. Mzee hakulielewa swali. Hakuna aliyetunga, ni pumzi ya mtu mwenye kiroba mgongoni, haiwezi kubeba maneno zaidi ya hayo.

Hapo ndipo kijana alipoanza kuona kasoro ya ramani kwa sura nyingine. Alikuwa akiilaumu kwa kutoonesha mapango, kana kwamba ingetosha kuongeza karatasi ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Lakini juu ya ardhi mtu huona mahali kabla hajafika: mnazi ule, mnara ule, kilima kile. Picha humfaa kwa sababu macho yake yanapiga picha vilevile. Chini hakuna kule. Pana hapa tu, na hapa nyingine baada yake. Njia ya chini huja kwa zamu, kama mishororo ya shairi inavyokuja, na aliyeruka mmoja amepotewa na yote inayofuata. Mchoraji ramani akiitandaza karatasini huua kile kinachoifanya iwe njia, yaani utaratibu wake. Hesabu ya wana-Apolo wale wawili haikuchora chochote, nayo ilifaa.

Aprili 1998 mvua za El Nino ziliijaza migodi ya Mirerani maji, na wachimbaji kwa makumi wakafa humo. Katika shimo la wale wawili, kwa maelezo ya mzee, maji hayakuingilia mdomoni kwao. Yaliingia mdomo wa shimo jingine, yakapita katika mtobozano ambao juu hakuna aliyeuandika, yakawatokea kutoka ubavuni. Yeye alikuwa kwenye ngazi za juu akivuta viroba. Alisikia kompresa imenyamaza, kisha akasikia sauti ambayo alikataa kuieleza, akapanda. Mwenzake alikuwa mishororo minne chini yake. Wako waliotolewa, mwenzake hakutolewa. Kule Kolo alisaliwa sala ya ghaibu.

Mvua hiyo ilikuwa na upande mwingine, na haki ni kuutaja. Jiji la Dodoma kwa miaka mingi limetegemea visima vya bonde la Makutupora, kaskazini ya mji, ambako maji hukaa ndani ya mwamba uliooza na kupasuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za miaka 55 za vimo vya maji katika visima hivyo, ulionesha kwamba hazina hiyo haijazwi na mvua za kawaida. Miaka hupita kavu chini hata juu kukiwa na mahindi. Hujazwa na misimu michache ya mvua zilizopita kiasi, na msimu wa 1997 na 1998 ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa. Mvua za msimu uliomzamisha mtu wa Kolo Mirerani zilishuka katika mwamba wa Makutupora, na kijana wa Jambiani amezinywa bombani bila kujua. Mzee alipoelezwa hayo alisema tu, "Kumbe," akaondoka kwenda kuzungukia ukuta wa nyuma.

Mama wa marehemu aliishi miaka mingi baada ya msiba, na kila mlinzi alipokwenda kumjulia hali alimwuliza swali moja: umemwacha chini ya nini? Alitaka mti, alitaka jiwe, alitaka kitu cha juu ambacho mtu anaweza kusimama kando yake akainua mikono. Mlinzi alimwonesha kwa mkono upande wa Mirerani, kaskazini mashariki, na bibi yule alitazama mkono wala hakutazama upande. Alifariki hivyo. Sasa binti wa marehemu, aliyezaliwa miezi mitatu baada ya maji yale, alikuwa amekusudia kwenda na kaka zake kusoma dua, na alimpigia simu mlinzi kumwuliza wasimame wapi. Tangu Aprili 2018 migodi imezungushiwa ukuta wa zaidi ya kilomita 24. Mtu haingii akazunguka atakavyo akitafuta kumbukumbu. Kama ni kwenda, waende wakijua.

Mdomo wa shimo mlinzi aliujua. Lakini pale mwenzake alipokuwa hapakuwa chini ya mdomo, wala yamkini chini ya kiwanja kile. Palikuwa chini ya kiwanja cha mtu mwingine, pembeni, mahali ambapo yeye kwa miguu ya juu hakupata kupakanyaga.

"Mzee wangu," kijana alisema usiku wa pili, "nitajie tena hesabu, lakini polepole. Nitachimba."

Iliwachukua juma zima, kila siku baada ya sala ya isha. Kijana alichagua kilima katika mchezo wake, akachimba mdomo, akautazamisha kaskazini mashariki kwa kuwa mzee alikumbuka kwamba alipotoka shimoni asubuhi za anga safi Kilimanjaro ilikuwa usoni pake. Ngazi moja mita nne, basi vipande vinne. Mteremko alilazimika kuufanya vidaraja, maana ulimwengu wa mchezo haujui mshazari. Mzee alifumba macho, akaushika ukuta usiokuwapo kwa mkono wa kulia, akahesabu hatua kwa kugonga kisigino chini ya benchi, na kila alipogonga kijana alivunja kipande kimoja. Wanafunzi waliopita langoni waliwaona, mlinzi kafumba macho akipiga kisigino na Mpemba wake kainamia simu, wakacheka, na haki yao.

Mwanzoni mzee alizoea kuomba ramani. Kila walipomaliza sehemu alisema, "Hebu tuone," na kijana alimfungulia ile karatasi, na juu yake palikuwa na majani na kimshale. Baada ya siku tatu akaacha kuomba. "Ndiyo ile ile," alisema, bila kufafanua ile ipi.

Siku ya tano wakafika kwenye maji yatonayo. Mbele yake palikuwa na njia panda. Mzee akasema, "Penye panda ni," akanyamaza. Akarudi mwanzo, akaitamka hesabu yote kwa kasi ya zamani, akitumaini ulimi utapita wenyewe pale akili ilipokwama. Ukakwama palepale. Alikuwa amezoea kuanza, na kumalizia ilikuwa kazi ya mwenzake.

Kijana aliyaandika yote mawili katika daftari. Penye panda ni kushoto. Penye panda ni kulia. Silabi nane, na silabi nane.

Kiswahili kina neno moja kwa mpima bahari na kwa mshairi. Kina cha maji ni kwenda kwake chini. Kina cha shairi ni silabi inayorudi mwishoni mwa mishororo na kuifunga pamoja. Wapo wanaodharau vina siku hizi wakisema ni pingu, na ugomvi huo wasomaji wa kurasa hizi wanaujua vya kutosha. Usiku ule langoni vina vilikuwa jambo jingine. Hesabu ya wachimbaji wale ilikuwa na mizani kamili bila vina, na mizani peke yake haikuweza kuamua, kwa kuwa pande zote mbili zilitosha ndani yake. Ingalikuwa imefungwa kwa silabi moja tangu mwanzo, neno lililosahaulika lingalirudi lenyewe, likivutwa na wenzake. Kijana aligundua kwamba kaa, kulia na yatona yote huishia kwa irabu a, na moyo ukamdunda: basi ni kulia. Kisha akakumbuka magoti. Akakumbuka pia kwamba na si a, na kwamba mwalimu wake yeyote angelikata shairi la namna hiyo kwa wino mwekundu. Alitaka sana kumwambia mzee. Alijua kwamba akimwambia, mzee angeshika kulia, angelikumbuka hata kulikumbuka, na kuanzia hapo isingewezekana tena kutenganisha alichokiona na alichoambiwa na mwanafunzi wa ushairi. Akajizuia. Pengine ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya juma lile.

Badala yake akachimba kote kuwili. Hatua kumi na sita kushoto, hatua kumi na sita kulia, na miteremko yake, hadi mwisho ambao mzee alikuwa na hakika nao, chumba kidogo ambamo mtu hawezi kusimama wima. Katika kila chumba akaweka mwenge. Kisha, kwa kila kimoja, akapanda wima, kipande kwa kipande, akijitoboa kwenda juu hadi akatokea kwenye majani, na pale alipotokea akaweka sufi nyeupe, kipande kimoja. Akasoma namba. Tundu la kushoto lilikuwa mita 52 mashariki ya mdomo na mita 58 kaskazini. La kulia lilikuwa mita 65 mashariki na mita 29 kaskazini.

Ndipo akafungua ramani bila kuombwa. Majani, kimshale, na safari hii madoa mawili meupe, madogo kama punje za mchele.

Mzee aliishika simu mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Kutoka hapa hadi hapa?"

Kijana alipiga hesabu pembezoni mwa daftari. "Mita thelathini na mbili, mzee."

"Thelathini na mbili." Alipima kwa macho kutoka benchi hadi mti wa mwarobaini uliokuwa ng'ambo ya lango, kisha kutoka mwarobaini hadi nguzo ya umeme. "Watu watano wakisimama kwa mstari wanaweza kusikizana."

Akaomba namba zile ziandikwe kwenye karatasi, jozi zote mbili, kwa herufi kubwa kwa kuwa miwani alikuwa ameiacha nyumbani, na chini yake jina la mdomo wa shimo kama lilivyoitwa mwaka ule. Kijana aliandika. Mzee aliikunja karatasi mara nne akaitia katika kipochi cha kitambulisho. Nje ya lango pikipiki ilisimama ikapiga honi, mwanafunzi amechelewa kurudi, na mlinzi akainuka kwenda kufungua.